Kompyuta ya Kwanza ya Nyumbani: Mambo ya Kupima Kabla ya Kutoa Fedha

Anayenunua kompyuta kwa mara ya kwanza hukutana na karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye mashine, yenye majina na tarakimu ambazo hakuna aliyewahi kumfundisha kuzisoma. Mara nyingi tarakimu zinazosifiwa zaidi na muuzaji ndizo zisizo na uzito katika matumizi ya nyumbani, ilhali zile zitakazoamua iwapo kompyuta itadumu miaka kadhaa au itaanza kuchosha baada ya miezi michache zimeandikwa kwa herufi ndogo, au hazikuandikwa kabisa. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao mnunuzi anaweza kuutumia hatua kwa hatua, iwe anatafuta kompyuta mpya au iliyokwisha kutumika.

Hatua ya 1: Andika kazi, kisha andika programu

Chukua karatasi uorodheshe kazi ambazo kompyuta itafanya nyumbani kweli, si zile ambazo ingependeza kama ingezifanya. Kuandika barua na kazi za shule, kusoma baruapepe, kuweka hesabu za biashara ndogo katika majedwali, kuhudhuria masomo kwa njia ya video, kutazama filamu na kutunza picha za familia ni kazi nyepesi ambazo kompyuta ya kiwango cha kati huzimudu bila shida. Kuhariri video, kuchora michoro ya majengo na kucheza michezo mipya yenye picha nzito ni habari nyingine, na kazi hizo ndizo zinazoweza kuhalalisha gharama ya kadi ya picha inayojitegemea. Kwa wengine wote, uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa, yaani kipande kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta, unatosha.

Mbele ya kila kazi andika jina la programu itakayotumika, kwa sababu mtengenezaji wa programu hueleza inahitaji mfumo endeshi gani, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta nzima, na kumbukumbu kiasi gani. Kama shule inamtaka mtoto atumie programu inayofanya kazi kwenye Windows pekee, suala la mfumo endeshi limekwisha kupata jibu kabla hujaingia dukani.

Baada ya hapo weka kikomo cha fedha, lakini usikimalize chote kwenye mashine. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala, kipanya, begi, kifaa cha kulinda kompyuta dhidi ya umeme usiotulia, na pengine printa, vyote hununuliwa kando. Ningeshauri takriban sehemu moja kati ya tano ya fedha ibaki kwa ajili ya vitu hivyo.

Hatua ya 2: Ya mezani au mpakato?

Kwa fedha ileile, kompyuta ya mezani kwa kawaida hutoa uwezo mkubwa zaidi, na sehemu zake zimeachana: skrini ikifa hubadilishwa skrini, kibodi ikimwagikiwa maji hubadilishwa kibodi, na fundi yeyote anaweza kufungua kasha na kuongeza kumbukumbu. Kompyuta mpakato, kwa upande wake, hutumia umeme mdogo, huendelea kufanya kazi umeme ukikatika, na huhama na mwenyewe. Ila kikombe kimoja kikimwagika juu ya kibodi yake kinaweza kuua mashine nzima. Ikiwa hakuna mtu nyumbani anayelazimika kubeba kompyuta kwenda darasani au kazini, basi ile ya mezani ni ununuzi wenye faida zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani, na kwa wenye watoto kuna nyongeza: haihamishiki kwenda chumbani, kwa hiyo mzazi huona kinachofanyika.

Zipo pia zile ambazo mashine yote imefichwa nyuma ya skrini. Zinapendeza na kuokoa nafasi, lakini skrini ikiharibika umepoteza kila kitu kwa wakati mmoja, na matengenezo yake ni magumu. Tableti, hata ikiwekewa kibodi, siihesabu kuwa kompyuta ya kwanza ya nyumba kwa mtu anayehitaji kuandika kurasa nyingi au kushughulikia majedwali makubwa.

Hatua ya 3: Mfumo endeshi na umri wake

Windows ndiyo yenye programu nyingi zaidi na mafundi wengi zaidi. Jambo la kuzingatia ni kwamba Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zenye toleo hilo zinaendelea kuwaka, lakini hazipati tena masasisho ya usalama ya kawaida. Kwa hiyo kompyuta ya Windows inayonunuliwa sasa inapaswa kuwa na uwezo wa kuendesha Windows 11, ambayo inadai angalau GB 4 za RAM (kumbukumbu ya muda, itakayoelezwa katika Hatua ya 4), GB 64 za nafasi ya kuhifadhia, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha rasmi. Kwa prosesa za Intel orodha hiyo, isipokuwa kwa chache, huanzia kizazi cha 8. Kwa zile za AMD Ryzen, huanzia mfululizo wa 2000. Kuna mafundi wanaoweza kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye mashine ya zamani zaidi, na muuzaji akakuonyesha skrini inayong'aa kama ushahidi, lakini Microsoft haitoi hakika kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea masasisho.

Kompyuta za Apple hutumia macOS. Tangu Novemba 2020 kampuni hiyo ilianza kuuza Mac zenye prosesa zake yenyewe, kuanzia M1, na katika hizo RAM haiwezi kuongezwa baadaye. Kiasi unachochagua siku ya kununua ndicho utakachoishi nacho. Anayefikiria Mac iliyotumika yenye prosesa ya Intel ajue kwamba Juni 2025 Apple ilitangaza kuwa macOS 26 ndilo toleo la mwisho litakalokubali mashine hizo, na hata toleo hilo linakubali chache tu kati yake.

Chromebook, kompyuta mpakato zinazotumia mfumo wa Google uitwao ChromeOS, ni nafuu na nyepesi, na zinamfaa mtu ambaye kazi zake zote ziko kwenye intaneti. Kila moja ina tarehe ambayo masasisho yake yatakoma, na tarehe hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashine ilipoingia sokoni, si tangu siku uliyoinunua. Itafute katika mipangilio kabla ya kulipa.

Linux, hasa katika sura ya Ubuntu au Linux Mint, ni ya bure kabisa na huipa uhai mashine ambayo Windows 11 imeikataa. Kwa kuandika na majedwali kuna LibreOffice, nayo ni bure, na hufanya kazi kwenye Windows na Mac pia. Uwepo wake ni sababu nzuri ya kukataa mashine iliyojazwa programu zilizochakachuliwa, ambazo muuzaji huzihesabu kama zawadi ilhali mara nyingi ndizo mlango wa virusi.

Hatua ya 4: SSD na RAM kwanza

Kama ningeruhusiwa kumpa mnunuzi ushauri mmoja tu, ningemwambia fedha zake ziende kwenye SSD (hifadhi ya kisasa ya mafaili) na RAM kabla ya kitu kingine chochote.

Tuanze na mahali pa kuhifadhia. Diski kuu za zamani, zinazoitwa HDD, zina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika na mkono mdogo unaohamahama kutafuta data. SSD haina kitu kinachozunguka. Inaposoma faili kubwa, HDD hutoa megabaiti mia moja hadi mia mbili hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA hufikia takriban 550, na zile za aina ya NVMe hupita 2,000 kwa urahisi. Lakini pengo kubwa zaidi liko kwenye mafaili madogo yaliyotawanyika, ambayo mfumo endeshi huyasoma kwa maelfu kila kompyuta inapowashwa, na hapo mkono wa HDD hutumia muda mwingi kutembea kuliko kusoma. Ndiyo maana mashine ya zamani iliyobadilishiwa HDD na kuwekewa SSD huonekana kana kwamba imezaliwa upya, na ndiyo maana kompyuta mpya yenye HDD peke yake haifai kununuliwa hata kwa punguzo.

Jihadhari vilevile na neno eMMC, linalopatikana katika kompyuta mpakato za bei ya chini kabisa. Hiyo ni hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, haiondoki, na huwa na kasi ndogo kuliko SSD. Ikiwa ni ya GB 64, Windows na masasisho yake vitaijaza karibu yote kabla hujaweka picha hata moja. Chagua SSD ya GB 256 kama kiwango cha chini, na GB 512 ikiwa watumiaji ni wengi au picha na video ni nyingi. Usishtuke ukiona mashine ya GB 256 ikionyesha 238 kwenye Windows: mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

RAM ni mahali ambapo programu zilizofunguliwa hukaa wakati zinatumika, na hufutika kompyuta inapozimwa. Ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na hapo kila kitu hukwama. GB 4 zinatosha kuiwasha Windows 11 lakini hazitoshi kuifanyia kazi. GB 8 ndizo kiwango cha chini ninachoweza kukitetea, na GB 16 ni chaguo la mtu anayetaka kompyuta idumu bila kuguswa. Uliza kama RAM inaweza kuongezwa, kwa sababu katika kompyuta mpakato nyingi nyembamba imechomelewa. Yenye GB 8 na tundu moja tupu inaweza kuwa bora kuliko yenye GB 8 zisizoongezeka, hata kama hiyo ya pili ina umbo la kuvutia zaidi.

Haya yote hayahitaji kuaminiwa kwa maneno. Kwenye Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi, na katika sehemu yake ya utendaji utaona kiasi cha RAM, idadi ya matundu yaliyotumika, na pembeni ya diski neno SSD au HDD. Ni kazi ya nusu dakika, na muuzaji mkweli hatachukia.

Hatua ya 5: Kusoma jina la prosesa

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotezwa. Wameambiwa kwamba prosesa ya Intel iitwayo i7 ni bora kuliko i5, na i5 ni bora kuliko i3, basi wanainunua i7 yoyote wanayoikuta. Kauli hiyo ni kweli kwa prosesa za kizazi kimoja tu. Tazama mifano miwili: i7-3520M ni ya mwaka 2012 na ina viini 2 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), i3-1215U ni ya mwaka 2022 na ina viini 6. Ile inayoitwa i3 inaishinda i7 hiyo kwa mbali, hutumia umeme mdogo zaidi, na inakubalika kwenye Windows 11, ambako mwenzake hakubaliki.

Kanuni ya kusoma majina ya Intel Core i ni rahisi. Angalia namba inayofuata kistari. Ikiwa ina tarakimu nne na inaanza na 2 hadi 9, tarakimu hiyo ya kwanza ndiyo kizazi: i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Ikiwa inaanza na 1, soma tarakimu mbili: i5-10210U ni ya kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Namba yenye tarakimu tatu tu, kama i5-520M, ni ya kizazi cha kwanza, nayo iache ilipo. Herufi ya mwisho pia ina maana: U huashiria prosesa inayobana matumizi ya umeme, H ile ya nguvu kubwa inayopasha mashine joto na kumaliza betri mapema. Muuzaji anayekuambia "ni Core i5" bila kutaja namba iliyobaki hajakuambia kitu.

AMD Ryzen 3, 5 na 7 zinashindana vizuri na za Intel, na kwa kazi za nyumbani sioni sababu ya kumkataa mmoja kwa ajili ya mwingine. Ni majina ya Celeron, Pentium na Atom ya zamani yanayostahili tahadhari. Ziko kwa ajili ya bei, na uvumilivu wa mtumiaji ndio unaolipia tofauti.

Hatua ya 6: Skrini, kibodi na matundu

Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 huonyesha karibu maradufu ya kile kinachoonyeshwa na ile ya 1366 kwa 768, na tofauti huonekana wazi ukifungua jedwali pana. Aina ya IPS huhifadhi rangi hata ukiitazama kutoka pembeni, jambo muhimu pale watu wawili wanapokaa mbele ya kompyuta moja. Inchi 14 zinafaa kubebwa, 15.6 zinafaa kukaa mezani.

Andika aya nzima kwenye kibodi kabla ya kununua. Bonyeza kila kitufe. Kisha hesabu matundu ya USB, hakikisha kuna HDMI ikiwa utaunganisha runinga au projekta, na uone kama tundu la USB-C linapokea chaji au data pekee.

Hatua ya 7: Umeme

Chaja ya kompyuta mpakato isomwe lebo: ikiandikwa 100-240V, inafaa karibu kila nchi. Kasha la kompyuta ya mezani ya zamani linaweza kuwa na swichi ndogo nyuma yake yenye 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 mahali penye umeme wa volti 230, kifaa chake cha kugawa umeme (power supply) huungua mara tu inapowashwa. Swichi hiyo hukaguliwa kabla ya kuchomeka waya.

Mahali ambapo umeme hukatikakatika, kompyuta ya mezani inahitaji UPS, kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Kazi yake si kukufanya uendelee na filamu, bali kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu, maana kuzimika ghafla katikati ya kuandika kwenye diski ni njia fupi ya kuharibu mafaili na hata mfumo wenyewe.

Hatua ya 8: Ikiwa imekwisha kutumika

Kompyuta ya mtumba si jambo la kuonea aibu. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, zina miili imara na vipuri vinavyopatikana, na mara nyingi iliyotumika miaka 3 au 4 ni bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Ila ukaguzi wake hauna budi kuwa mkali.

Anza na betri. Fungua dirisha la amri la Windows na uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itatengeneza ripoti yenye namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaoweza kujaza sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000, betri imebakiwa na asilimia 62, na bei ishuke kulingana na hilo. Betri iliyovimba, inayoinua kibodi au kubandua kifuniko cha chini, ni hatari ya moto. Usiichukue hata kwa ahadi kwamba itabadilishwa kesho.

Kisha hakikisha kompyuta haijafungwa na mwenye mali. Mashine iliyokuwa ya kampuni inaweza kuendelea kudai akaunti ya kampuni hiyo hata baada ya kufutwa, na Mac inaweza kubaki imefungwa na akaunti ya Apple ya mmiliki wa kwanza. Omba ifutwe na kuanzishwa upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, mpaka ufike kwenye eneo kazi ukitumia akaunti yako mwenyewe. Ingia pia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya mfumo endeshi, wakati wa kuwasha. Kama inadai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mrudishie. Kukagua huku huchukua karibu saa nzima, na anayekuharakisha amekwisha kukujibu: kibaya chajitembeza.

Mwisho, fungua kamera, piga sauti, rekodi sauti, unganisha Wi-Fi, chomeka flashi katika kila tundu, na jaza skrini kwa rangi nyeupe, kisha nyeusi, ili uone madoa.

Hatua ya 9: Risiti, waranti na siku za kwanza

Namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine iandikwe kwenye risiti, pamoja na kiasi cha RAM na SSD ulichouziwa. Kuhusu waranti, uliza mambo matatu: ni ya mtengenezaji au ya duka, inahusisha betri au la, na nani hulipia usafirishaji mashine ikienda kutengenezwa. Waranti ya mwaka 1 isiyo na mahali pa kupeleka mashine haina thamani.

Ukifika nyumbani, weka masasisho yote kabla ya jambo lingine, kisha mfungulie kila mtu akaunti yake, na zile za watoto zisiwe na mamlaka ya kusakinisha programu. Windows ina kinga yake dhidi ya virusi, iitwayo Microsoft Defender, nayo inatosha kwa nyumba nyingi; usikubali kulipia nyingine kwa sababu tu dirisha limejitokeza na kukutisha.

Katika siku ambazo bado unaruhusiwa kuirudisha, ifanyie kazi kweli: iache iwake kwa saa kadhaa, cheza video ndefu, sikiliza feni, gusa sehemu ya chini uone joto lake, iache betri ishuke mpaka karibu na mwisho. Kasoro nyingi za kiwandani hujionyesha mapema. Kisha nakili picha na nyaraka muhimu kwenye diski ya nje, na ufungue chache kati ya hizo kwa kutumia kifaa kingine, ili uwe na hakika kwamba nakala hiyo inasomeka.